Nyumba ya mapumziko ya familia Kibosho: tuichore kwa ajili ya wiki 49 ambazo imefungwa

Jamvi_Nene:
Habari wakuu. Naweka hapa mchoro na hesabu za nyumba ya likizo ya familia kwa maeneo ya mlimani Kilimanjaro: Kibosho, Uru, Machame, Marangu. Wenye kujua warekebishe.

Nyumba nyingi za aina hii huchorwa na mtu anayeiwaza Krismasi: ndugu ishirini, ndafu motoni, watoto kila kona. Hizo ni wiki tatu. Wiki 49 zinazobaki nyumba imefungwa, madirisha yana mapazia, hewa haitembei, na mvua ya mlimani haikosi. Ukungu, mchwa, popo na choo kunuka vyote huzaliwa katika wiki hizo. Kwa hiyo kila uamuzi naupima kwa swali moja: kitu hiki kitafanyaje bila mtu ndani?

Mchoro wangu: m 9 kwa m 8, urefu ukikaa mashariki-magharibi. Vyumba viwili vya wazazi, chumba kimoja kikubwa cha watoto chenye vitanda vya deka, sebule iliyoungana na jiko, choo ndani na choo kingine nje. Baraza la m 2.4 upande wa kaskazini, kutazama mlima.

Msingi. Viwanja vya mlimani vina mteremko, hivyo kabla ya kuchimba pima kwa mpira wa maji, ule unaoonekana ndani, wa mita 15. Toa vipovu vyote kwanza, maana kipovu kimoja kikikwama katikati usawa wote ni uongo. Ukikuta tofauti ya m 1.2 kutoka juu hadi chini ya nyumba, usikate mlima mpaka upate uwanja bapa. Ukikata, ukuta wa nyuma unageuka kizuizi cha udongo na maji, na chumba cha nyuma hakitakauka maisha. Jenga msingi wa ngazi: mtaro wa sm 60 upana, usiopungua sm 60 ndani ya udongo mgumu, kila ngazi isizidi sm 45, na zege la ngazi ya juu lilale juu ya lile la chini angalau sm 60. Juu yake mawe meusi, ukuta wa sm 45, kwa saruji moja mchanga minne.

Upande wa juu wa nyumba, m 2 kutoka ukutani, chimba mtaro wa kupokea maji wenye kina cha sm 60, ushuke sm 1 kila mita, uzunguke nyumba pande zote mbili. Usiuelekeze kwa jirani wala kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba.

Jamvi, yaani sakafu ya zege. Kwa vipimo vya nje ni mita za mraba 72, unene sm 10, yaani mita za ujazo 7.2. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 46 ya kilo 50. Nunua 49. Mchanga karibu mita za ujazo 3.3, kokoto 6.5. Chini kuna mawe ya jamvi yaliyoshindiliwa, kisha mchanga laini wa sm 5, kisha nailoni nzito geji 1000 iliyopandishwa ukutani na kupishana sm 30 kwenye maungio. Nailoni hii ndiyo inayorukwa wakati fedha zinaisha, na huku mlimani ndiyo inayoamua kama magodoro yatanuka. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza hadi 20. Mwagilia siku 7, funika na majani ya migomba. Yanashika unyevu vizuri na yapo hapo hapo shambani.

Linta, ule mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha na milango. Izunguke nyumba nzima, kuta za ndani pia, jumla kama m 54. Nondo 4 za mm 12, ringi za mm 8 kila sm 20, zege la sm 15 kwa 20. Hiyo ni nondo 20 za mm 12, nondo 14 za mm 8 kwa ringi 270, na mifuko 11 ya saruji. Wanaosema linta ya mzunguko ni ya magorofa wakumbuke Julai 2007, matetemeko ya mlima Gelai kabla ya volkano ya Oldoinyo Lengai kulipuka. Kubwa lao lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na Arusha nzima ililisikia.

Kitu cha kukagua kwa macho kabla ya kumwaga ni kona. Mafundi wengi huleta nondo za ukuta mmoja na za ukuta wa pili zikakutana tu na kufungwa waya. Kona hiyo haijaungwa. Kila nondo ikunjwe izunguke kona na iingie ukuta wa pili sm 60. Na wakati zege bado bichi, chomeka vipande vya nondo ya mm 8 mahali kila kenchi itakapokaa, ili paa lifungwe na ukuta. Upepo wa Agosti unabeba paa jepesi.

Kusi_Kaskazi:
Mkuu Jamvi_Nene, kazi nzuri. Baraza la kaskazini nalipinga.

Tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Juni jua la mchana linapita kaskazini, kama nyuzi 63 juu ya upeo. Desemba linapita kusini, kama nyuzi 70. Kipupwe cha Kibosho ni Juni hadi Agosti, yaani wakati wa baridi jua liko upande huo huo wa mlima. Baraza la m 2.4 likikaa kaskazini, mwale hauingii sebuleni hata siku moja. Sebule itakuwa baridi na giza, na ukungu unataka hivyo hivyo.

Hesabu ni rahisi: saa sita mchana mwezi wa Juni, kila sm 10 za upenu hutoa kivuli cha sm 20 ukutani. Upenu wa sm 60 unafunika m 1.2 kutoka juu. Ukishusha dirisha la sebule mpaka sm 45 kutoka sakafuni, jua linaingia kwenye sakafu kipupwe chote, na Desemba haliingii kabisa kwa sababu limehamia kusini. Baraza lipeleke mashariki. Asubuhi watu wanakunywa chai juani, na asubuhi ndipo mlima huwa wazi kabla ya mawingu. Kuketi kwenye kona ya kaskazini-mashariki kunakupa vyote viwili.

Upenu wa kusini ufanye sm 90, mvua nyingi hupiga kutoka huko. Magharibi weka choo na stoo, madirisha madogo.

Jamvi_Nene:
Nimekubali, mkuu. Baraza linahamia mashariki na mchoro naurekebisha. Dirisha la chini kiasi hicho lakini liwe na grili nzito.

Dada_wa_Uru:
Shikamooni wakubwa. Mimi nafikiria mbao tupu, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo. Tuna migrivelia na misaipresi mikubwa shambani. Je, inafaa, au nitapoteza fedha?

Mbao_Kavu:
Marahaba dada. Inafaa, na kwenye mteremko mkali ni nafuu kuliko msingi wa mawe, kwa masharti matatu.

La kwanza ni ukavu. Mti ukipasuliwa leo na kupigiliwa wiki ijayo, ukuta utaachia nafasi ya kidole baada ya miezi sita na mlango hautafunga. Panga mbao kivulini, juu ya mawe sm 40 kutoka ardhini, weka vipande vya inchi moja katikati ya kila safu kila sm 60, vipande vilingane wima toka chini hadi juu. Weka uzito juu na bati la kufunika, pande ziwe wazi. Miezi mitatu kwa mbao za inchi mbili ni kiwango cha chini kwa huku juu. Namna ya kujua bila kifaa: chagua vipande viwili vya katikati ya rundo, vipime kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari. Ncha zipake rangi yoyote ya mafuta siku ile ile ya kupasua, la sivyo zitapasuka sm 15 kila upande na hiyo ni hasara tupu.

La pili ni aina. Saipresi ndiyo ya ukuta na kenchi. Grivelia ni nzuri kwa dari na samani za ndani, lakini bila dawa bungua, wadudu wa kutoboa mbao, wanaila, usiitegemee kubeba paa. Nguzo za chini ziwe mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani. Vipande vya mbao hizo za kijani visiende jikoni wala kwenye moto wa kuota: nyingi hutiwa dawa yenye aseniki na moshi wake ni sumu. Waambie vijana wa kazi waziwazi, maana siku ya kwanza tu watavipikia ugali. Oili chafu siyo dawa ya mbao. Inakaa usoni mwa mbao tu, na mchwa hupita katikati.

La tatu ni mchwa. Nguzo isizikwe. Mwaga kitako cha zege sm 40 kwa 40, kina sm 60, kiinuke juu ya ardhi sm 30, pachika bapa la chuma, nguzo ikae juu yake na bolti mbili. Kati ya zege na nguzo weka kofia ya bati nene iliyotokeza sm 5 pande zote na kukunjwa kuelekea chini. Kofia haimuui mchwa. Inamlazimisha ajenge njia yake nje ya kivuli, ambapo mlinzi ataiona. Ndiyo maana chini ya sakafu acha nafasi ya mtu kupita akitambaa, sm 60 au zaidi. Ukiziba pande kwa tofali ili ipendeze, hutaona kitu mpaka sakafu izame.

Na kabla msumeno haujawashwa, kibali cha kuvuna miti kipatikane kuanzia kijijini, hata kama mti ni wako.

Maji_Taka:
Nizungumzie choo, kwa sababu ndicho kinachoharibu Krismasi.

Usipime septiki kwa watu wanne wa kawaida. Pima kwa ishirini wa Desemba. Watu 20 kwa lita 60 ni lita 1,200 kwa siku. Shimo lenye maji ya m 2.5 kwa 1.2 kwa kina cha 1.2 linabeba lita 3,600, yaani uchafu unapumzika siku tatu kabla ya kutoka. Huo ndio mpaka wa chini. Ligawe kwa ukuta, theluthi mbili na theluthi moja. Bomba la kuingia na la kutoka yote yawe na T, la kutoka likae chini ya la kuingia kwa sm 7. T ya kutoka ikisahaulika, mafuta na povu vinakwenda moja kwa moja kwenye shimo la kunyonya na kuliziba. Mwaka wa pili maji yanarudi bafuni.

Shimo la kunyonya lijaribiwe kabla ya kuchimbwa. Chimba kishimo cha sm 30 kwa 30 kwenye kina kile kile, kijaze maji jioni, asubuhi kijaze tena na upime maji yanashuka sm ngapi kwa nusu saa. Udongo wa mlima kwa kawaida hunywa vizuri. Yakishuka chini ya sm 2.5 usitumie shimo moja refu, tandaza mitaro ya kokoto. Umbali na kisima chochote, cha kwako au cha jirani, usipungue m 30, na choo kikae upande wa chini.

Halafu harufu ya nyumba iliyofungwa. Watu humwaga dawa kwenye septiki bure, tatizo ni siponi, ile kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu. Maji yaliyo kwenye siponi ya sinki na ya sakafu ya bafu hukauka ndani ya wiki kadhaa, gesi na mende wanapita. Siku ya kuondoka mimina maji, kisha nusu kikombe cha mafuta ya kula juu yake. Mafuta yanaelea na kuzuia maji yasiondoke na hewa. Na kata matundu ya sakafu yasiyo ya lazima: kila moja ni siponi ya kukauka.

Mama_wa_Tengeru:
Wenzangu wa upande wa Meru msisahau maji ya kunywa. Usa River, Maji ya Chai, Ngarenanyuki, floridi ni tatizo linalojulikana, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kipo kwa kazi hiyo hiyo ya kuiondoa. Kipimo kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo inakolea. Watoto wanaokunywa maji hayo wakati meno yakiota ndio wanaobaki na meno ya kahawia maisha yote. Kabla ya kulipia kisima, peleka maji ya jirani maabara.

Maji ya mvua hayana shida hiyo. Mimi ningetenga tangi moja la kunywa na kupikia, lisiungwe kabisa na bomba la kijijini. Hesabu kivuli cha paa chini, si urefu wa bati. Paa la mita za mraba 100, mvua ya mm 10, ni lita 1,000, na ukitoa upotevu unapata 800. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua ya mm 63 hivi. Familia ya watu 8 kwa kunywa na kupika tu, lita 10 kila mmoja, wana miezi miwili.

Maji ya kwanza yatupwe, lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani lita 100. Bomba la inchi 4 lililosimama linabeba kama lita 8 kwa mita, kwa hivyo zile bomba fupi mafundi wanazoweka hazitoshi hata kidogo. Tumia pipa la lita 200 lenye tundu dogo chini la kujimwaga taratibu. Gata ishuke sm 1 kila mita 2, vishikio kila sm 60.

Mangi_Boma:
Kiwanja chetu kiko tambarare ya chini, udongo mweusi wa mbuga. Mchoro wa Jamvi_Nene nauhamisha vilevile?

Jamvi_Nene:
Hapana mangi, msingi ule utapasuka. Udongo mweusi unavimba masika na kunywea kiangazi. Nenda Agosti au Septemba, ukiona nyufa zinazoingiza kiganja, chimba mashimo matatu ya m 1.5 uone unaishia wapi. Ukiisha ndani ya mita moja, uondoe wote hadi m 1 nje ya kuta, jaza moramu (udongo mwekundu wa changarawe) kwa tabaka za sm 15, kila moja imwagiwe maji na kushindiliwa kwa mashine. Ukizidi hapo, tafuta mhandisi akuchoree nguzo na mihimili ya zege ambayo haigusi ardhi. Wazo la Mbao_Kavu la nyumba ya mbao juu ya nguzo linafaa zaidi kwako, ila vitako vishuke mpaka chini ya udongo mweusi. Na usipande miti mikubwa karibu na ukuta, inanyonya upande mmoja.

Wakili_Kijijini:
Nawaomba msome hili kabla ya kununua saruji. Kihamba, yaani shamba la migomba lenye makazi ya familia, ni mali ya ukoo. Kwa mila ya Wachagga nyumba ya wazazi na kihamba chake mara nyingi humwendea mtoto wa mwisho wa kiume. Ndugu sita wakichangia nyumba ya likizo hapo bila maandishi, baada ya wazazi kuna kesi. Andikeni muhtasari wa kikao cha ukoo, kila mmoja asaini: nani kachangia kiasi gani, nani analipa mlinzi, nani ana haki ya kutumia lini, na mtu akitaka kutoka analipwa vipi. Mabinti waandikwe kwa majina yao, maana wao ndio huachwa nje. Kisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Inaruhusu wamiliki zaidi ya mmoja.

Mipaka ithibitishwe na majirani mkiwa mmesimama kwenye masale, mimea inayopandwa mpakani, na asiyang'oe mtu kwa kisingizio cha ukuta. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kile kipande kizuri chenye sauti ya maji ndicho wengi wanakitaka kwa nyumba, na ndicho kisichoruhusiwa.

Mbao_Kavu:
Nyongeza ya paa. Kenchi 9 kwa nafasi ya sm 112, mbao 2x4 na za chini 2x6, mwinuko nyuzi 25 au zaidi. Bati geji 28, si 30, kwa sababu fundi atapanda tena kurekebisha na 30 inabonyea. Skrubu zenye mpira zipigwe juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni.

Popo wanapita kwenye tundu la sm 1.5. Ziba migongo ya bati pande zote za upenu kwa wavu wa chuma wa mm 6, usizibe kwa saruji, maana dari lazima lipumue. Fanya kabla hawajaingia. Wakishazaa humo, ukiziba, watoto wanaoza darini.

Kusi_Kaskazi:
Kuhusu ukungu: kila chumba tundu la hewa chini na lingine juu ukuta wa pili, kila moja sm 20 kwa 20, lenye wavu. Lisiwe na kifuniko cha kufunga, kwa sababu litafungwa. Kabati zisigusane na ukuta wa nje, acha sm 5. Siku ya kuondoka magodoro yasimame kwa ubavu, friji iachwe wazi na kipande cha mti mlangoni, valvu ya tangi ifungwe. Betri ya asidi ibaki kwenye paneli ya sola ikichajiwa, ikikaa tupu miezi mitatu imekufa. Ya lithiamu izime ikiwa nusu.

Kama mna sehemu ya moto sebuleni, tundu la dohani liwe si chini ya moja ya kumi ya mdomo wake, na kichwa kipite kilele cha paa kwa sm 60. Ikishindikana ni heri isiwepo. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku wa baridi hata dakika kumi. Gesi yake haina harufu na watoto wamelala.

Dada_wa_Uru:
Asanteni sana. Nikitaka Krismasi ya mwakani tuwe ndani, nianze lini?

Mbao_Kavu:
Pasua mbao Januari hii, zianze kukauka kabla masika hayajashika Machi, na masika yakizikuta ziwe chini ya bati. Vitako na nguzo Juni, ardhi ikiwa imetulia. Kuta Julai na Agosti. Paa liwe limefungwa mwisho wa Septemba, kwa sababu vuli ikianza Oktoba mbao ulizokausha miezi yote hiyo zinalowa upya juu ya kenchi. Septiki ichimbwe pamoja na vitako, gari la mawe lipite kabla baraza halijaziba njia.

Dada_wa_Uru:
Njia yetu ina upana wa m 2.5 katikati ya migomba, tipa haipiti.

Jamvi_Nene:
Basi kokoto na mchanga vimwagwe barabarani na pikapiki za matairi matatu ziingize. Ongeza hiyo kwenye bajeti sasa hivi, na uzungumze na jirani wa migomba kabla ya mzigo wa kwanza.